Jinsi ya Kuchagua Drili ya Mezani kwa Karakana ya Useremala ya Nyumbani: Mwongozo Kamili

Swali la drili ipi ya mezani (mashine ya kutobolea iliyosimama kwenye nguzo) inafaa useremala wa nyumbani hurudi mara kwa mara, na mara nyingi huletwa na mtu ambaye tayari ameshanunua. Mashine ni mpya na mota ina nguvu, lakini keekee (biti ya kutobolea) pana inaunguza mbao, tundu halifiki upande wa pili, au matundu ya vigingi hayakutani vipande vinapounganishwa. Ukiikagua mashine hukuti kasoro. Ni nzima kabisa, ila haikuwa ya kazi yake.

Chanzo ni kwamba wengi huanza kwa kuangalia wati za mota na wingi wa vikorombwezo. Kwa useremala kuna mambo manne yanayotangulia: umbali kutoka kwenye nguzo hadi kwenye keekee, urefu wa mshuko wa spindeli (mhimili unaozunguka na kubeba keekee), kasi ya chini kabisa, na unyofu wa mzunguko. Mota inafuata baada ya hayo. Fuata hatua kwa mpangilio uliopo hapa, maana kila moja inapunguza mashine za kufikiria katika inayofuata.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kwenda kuangalia mashine

- Kalamu, karatasi na futi ya kupimia.
- Skwea ndogo ya chuma (kifaa cha kupimia pembe mraba) ambayo una hakika ni sahihi.
- Fimbo ya chuma iliyonyooka yenye kipenyo cha mm 10 au 12, urefu wa mm 100 hivi. Shina la keekee mpya ya ubora mzuri linafaa pia.
- Karatasi chache za kawaida za kuchapishia. Unene wake ni karibu mm 0.1, na tutautumia kama kipimo.
- Waya mgumu wa urefu wa mm 200 unaoweza kuukunja kwa koleo.
- Tochi.
- Kama unayo, saa ya kupimia (kifaa chenye mshale kinachoonyesha mabadiliko madogo ya umbali) yenye kitako cha sumaku. Si lazima.
- Kipande cha mbao ngumu na keekee moja kali, iwapo muuzaji ataruhusu ujaribu.

## Hatua ya 1: Andika matundu utakayotoboa

Kabla ya kutazama mashine yoyote, andika kazi unazofanya au unazotarajia kufanya mwaka huu. Kwa kila kazi weka mambo manne: kipenyo cha tundu kikubwa kabisa, kina chake, umbali wake kutoka ukingo wa ubao, na aina ya mbao (laini au ngumu).

Mfano: bawaba za makabati za kuzama huhitaji tundu la mm 35 lenye kina cha mm 12 hadi 13, karibu na ukingo wa mlango. Mguu wa meza wenye unene wa mm 70 unaweza kuhitaji tundu la bolti linalopita moja kwa moja. Rafu yenye upana wa mm 300 ikihitaji tundu katikati, nguzo ya mashine lazima iwe zaidi ya mm 150 kutoka kwenye keekee.

Orodha hii ndiyo itakayokuongoza. Bila hiyo, kila mashine itaonekana nzuri, na muuzaji atachagua kwa niaba yako.

Umefaulu ikiwa una namba tatu zilizozungushiwa duara: tundu pana zaidi, tundu lenye kina kirefu zaidi, na tundu lililo mbali zaidi na ukingo.

## Hatua ya 2: Pata nafasi kati ya nguzo na keekee

Drili za mezani hutajwa kwa inchi: 8, 10, 12, 13, 14. Hapa ndipo watu hupotea. Namba hiyo ni *mara mbili* ya umbali kutoka kwenye nguzo hadi katikati ya keekee. Maana yake ni kwamba drili ya inchi 10 inaweza kutoboa katikati ya ubao wenye upana wa inchi 10, lakini haiwezi kufika inchi 10 kutoka ukingoni.

Kwa milimita, umbali halisi ni hivi:

- Inchi 8: karibu mm 102
- Inchi 10: mm 127
- Inchi 12: karibu mm 152
- Inchi 14: karibu mm 178

Linganisha na namba yako ya tatu. Kumbuka kuwa egemeo la mbao (ubao wa kuegemezea kazi) utakalofunga mezani baadaye hukaa mbele ya nguzo, na likiwa nene linaweza kula mm 20 au zaidi ya nafasi hiyo. Liingize hilo katika hesabu.

Onyo: usinunue mashine kubwa kwa sababu ya tundu moja la mwaka mzima. Tundu la katikati ya ubao mpana linaweza kutobolewa kwa drili ya mkononi yenye kiongozi. Namba inayofaa ni ile inayojirudia kwenye orodha yako.

## Hatua ya 3: Angalia mshuko wa spindeli

Mshuko ni umbali ambao spindeli inashuka unapozungusha mpini kutoka juu hadi chini. Mashine ndogo nyingi zina mm 50. Za kati na kubwa hufika mm 80, na chache huzidi mm 100.

Milimita 50 zinaonekana nyingi hadi unapotaka kupitisha tundu kwenye mguu ule wa mm 70. Utatoboa mpaka mwisho wa mshuko, uzime, upandishe meza, kisha uendelee. Kila unapolegeza meza na kuipandisha inaweza kuhama kidogo kando, na tundu linapata ngazi katikati. Wengine hugeuza mbao na kutoboa kutoka upande wa pili, ambapo kosa dogo la upimaji linageuka kuwa matundu mawili yasiyotazamana.

Ushauri wangu ni huu: ukitengeneza samani, tafuta mshuko wa mm 80. Ukitengeneza vitu vidogo kama masanduku, fremu na vichezeo, mm 50 au 60 zitakutosha.

Wakati huo huo kagua kizuizi cha kina. Kuna aina mbili. Ya kwanza ni fimbo yenye nyuzi na nati mbili, iliyosimama kando ya kichwa cha mashine. Ya pili ni pete yenye namba iliyozunguka kitovu cha mpini na kufungwa kwa skrubu. Fimbo yenye nati haihami ukishaifunga vizuri, na matundu ishirini yatatoka na kina kimoja. Pete huteleza ukibonyeza kwa nguvu. Kwa matundu ya vigingi na bawaba, chagua fimbo.

Umefaulu ikiwa unafunga kizuizi, unashusha spindeli kwa nguvu ya kawaida mara kumi, na alama ya mwisho haibadiliki.

## Hatua ya 4: Kasi ya chini ndiyo ya kuulizia

Muuzaji atakuambia kasi ya juu. Wewe uliza ya chini. Kama kuna hatua moja ya kusoma mara mbili, ni hii.

Kinachokata mbao ni ukingo wa keekee, na ukingo wa keekee pana husafiri mbali zaidi katika kila mzunguko. Keekee ya mm 6 ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, ukingo wake unasafiri karibu mita 57 kwa dakika. Keekee ya mm 50 kwenye mashine ambayo kasi yake ya chini ni 620, ukingo wake unasafiri karibu mita 97 kwa dakika. Ipeleke mzunguko 250, na ukingo unashuka hadi mita 39 hivi.

Hapo ndipo siri ya mbao kuungua. Mashine nyingi ndogo za kasi tano huanzia kati ya mizunguko 600 na 750 kwa dakika. Hazina pa kushuka zaidi. Ukiweka keekee ya Forstner (keekee ya matundu mapana yenye sakafu bapa) ya mm 50 kwenye mbao ngumu, ukingo unasugua badala ya kukata, joto linapanda, chuma kinapoteza ukali wake, na tundu linatoka jeusi. Mtu anadhani keekee ni mbovu, ananunua nyingine, nayo inaungua vilevile.

Vianzio vya kasi kwa useremala, kwa mizunguko kwa dakika:

- Keekee za mm 3 hadi 6: 2,500 hadi 3,000 kwa mbao laini, 1,500 hadi 2,000 kwa mbao ngumu.
- Keekee za mm 8 hadi 12: 1,500 hadi 2,000 kwa laini, 1,000 hadi 1,500 kwa ngumu.
- Forstner za mm 12 hadi 25: karibu 1,500 kwa laini, 500 hadi 700 kwa ngumu.
- Forstner za mm 30 hadi 50: 500 hadi 1,000 kwa laini, 250 hadi 500 kwa ngumu.
- Msumeno wa matundu wa umbo la kopo, mm 60 na kuendelea: 250 hadi 400.

Namba hizi ni za kuanzia. Anayeamua ni mbao yenyewe: keekee ikitoa maranda, kasi na mkandamizo vinapatana. Ikitoa unga mweupe na harufu ya moshi, punguza kasi, ongeza mkandamizo kidogo, au noa keekee.

Baada ya kasi ya chini, angalia jinsi inavyobadilishwa. Kuna njia tatu.

Mikanda na puli za ngazi. Unafungua kifuniko, unalegeza mota, na kuhamisha mkanda. Puli ndogo ya mota ikivuta puli kubwa ya spindeli, mzunguko ni wa polepole. Kinyume chake ni wa kasi. Njia hii ni imara na nguvu haipotei. Udhaifu wake uko kwetu sisi watumiaji, kwa kuwa ukiwa mvivu wa kubadilisha mkanda utatoboa kila kitu kwa kasi moja. Kwa hiyo jaribu mwenyewe kuhamisha mkanda kabla ya kununua. Ikikuchukua zaidi ya dakika mbili, au inabidi utafute spana kila mara, hutabadilisha.

Mkanda unaobadilika kwa mpini. Puli zenyewe hupanuka na kujibana huku mashine inazunguka. Ni raha kutumia. Sharti lake ni moja: badilisha kasi mashine ikiwa *inazunguka* tu. Ukilazimisha mpini ikiwa imezimwa, unaharibu utaratibu mzima.

Kidhibiti cha kielektroniki. Unazungusha kitufe. Uliza, na ikiwezekana jaribu, kama nguvu inabaki kasi inaposhuka. Baadhi hulegea sana kwenye mizunguko ya chini, yaani pale hasa unapozihitaji.

Umefaulu ikiwa kasi ya chini kabisa ya mashine inatosha kwa namba yako ya kwanza, yaani tundu pana zaidi kwenye orodha. Kama Forstner kubwa za mbao ngumu zimo, usikubali mashine inayoanzia juu ya 500.

## Hatua ya 5: Mota na umeme wake

Kwa drili ya mezani ya useremala, mota ya induksheni ya wati 350 hadi 550 inatosha kazi nyingi. Mashine ndogo za wati 250 hutoboa vizuri matundu ya hadi mm 25, kisha huanza kuchoka. Ukiona nguvu imeandikwa kwa nguvu farasi, zidisha kwa 746 upate wati. Nusu nguvu farasi ni wati 373.

La muhimu zaidi ni kibao cha chuma kilichobandikwa kwenye mota. Soma volti (V) *na* hezi (Hz, yaani marudio ya umeme kwa sekunde). Mashine zilizotengenezwa kwa umeme wa volti 120 na hezi 60 huuzwa na kusafirishwa huku na huko, na watu hudhani transfoma inamaliza tatizo. Transfoma inabadilisha volti. Hezi inaziacha zilivyo. Mota ya induksheni hufuata hezi, hivyo iliyotengenezwa kwa 60 ikipewa 50 itazunguka polepole kwa moja ya sita, na inaweza kupata joto kupita kiasi. Kibao kikionyesha 50/60, hakuna wasiwasi.

Angalia pia swichi. Nzuri ni ile ambayo umeme ukikatika na kurudi, mashine inabaki imezimwa mpaka uwashe mwenyewe. Iwe kubwa, mbele, mahali unapoweza kuipiga kwa kiganja bila kuitafuta.

## Hatua ya 6: Chaki, spindeli na unyofu wa mzunguko

Chaki ni zile taya zinazoshika keekee. Tafuta inayofungua hadi mm 13 angalau. Mm 16 ni bora kama utatumia keekee zenye mashina manene. Taya zifunguke na kujifunga kwa ulaini, na zibane hata keekee nyembamba ya mm 2 bila kuipinda kando.

Sasa jaribio ambalo wanunuzi wengi hawalifanyi, ingawa ndilo linaloamua kama matundu yako yatakuwa na kipenyo sahihi. Chomoa waya wa umeme kwanza.

1. Funga fimbo iliyonyooka kwenye chaki, kaza kwenye matundu yote matatu ya ufunguo.
2. Kama una saa ya kupimia, weka kitako chake mezani, ncha iguse fimbo karibu mm 25 chini ya taya. Zungusha spindeli kwa mkono. Tofauti kati ya namba kubwa na ndogo ndiyo kuyumba.
3. Kama huna, sogeza kipande cha chuma au mbao ngumu taratibu mpaka kiguse fimbo, kisha kikaze mezani. Zungusha polepole. Fimbo ikijitenga, pitisha karatasi kwenye upenyo. Karatasi moja ikipita kwa kubanwa, kuyumba ni kama mm 0.1.

Kwa useremala, mm 0.1 au chini ya hapo ni nzuri sana. Kuanzia mm 0.2, yaani karatasi mbili, utaanza kuona matundu mapana kuliko keekee na vigingi vinavyocheza. Keekee nyembamba pia zitavunjika mapema.

Kabla ya kuikataa mashine, legeza fimbo, igeuze nusu mzunguko, kaza tena na upime upya. Mara nyingi tatizo liko kwenye fimbo au chaki iliyofungwa vibaya. Kuyumba kukibaki palepale, chomoa chaki ikiwezekana na upime ndani ya spindeli. Spindeli ikiwa nyofu na chaki ikayumba, tatizo ni dogo, kwa sababu chaki hubadilishwa. Spindeli yenyewe ikiyumba, achana na mashine hiyo.

Jaribio la pili: shusha spindeli hadi mwisho, ishike kwa vidole na uisukume mbele, nyuma na kando. Usisikie mgongano wala kuona mchezo wa wazi. Mashine nyingi huwa ngumu spindeli ikiwa juu na kulegea ikishuka, kwa hiyo lifanye jaribio hili ikiwa *chini*.

Onyo: chaki ya drili nyingi inashikiliwa na koni inayobana kwa msuguano tu. Imebuniwa kubeba mkandamizo wa kwenda chini. Ukiitumia kusukuma kando kwa nguvu, kwa mfano kuchonga mfereji kwa keekee ya ruta, chaki inaweza kuchomoka ikiwa inazunguka.

## Hatua ya 7: Meza, nguzo na uzito

Meza ya chuma cha kusubu ndiyo ya kutafuta. Ibonyeze ukingoni kwa kiganja huku ukitazama skwea iliyosimamishwa kati yake na fimbo. Ikizama waziwazi kwa mkono tu, itazama pia chini ya keekee pana, na tundu litakwenda mshazari.

Chungulia chini ya meza kwa tochi. Mashine nyingi zina mbavu za kuimarisha zilizopangwa bila kufikiria klampu, ukakosa mahali pa kushika. Unahitaji ukingo bapa pande zote mbili, au mifereji inayopenya meza.

Meza ipande na kushuka kwa mpini wenye meno. Kwenye mashine ndogo sana unaiinua kwa mikono, jambo linalochosha na kuhamisha kipimo. Ibane, kisha jaribu kuisukuma kando. Isitembee.

Nguzo nene hupinda kidogo kuliko nyembamba. Mashine za inchi 8 mara nyingi huwa na nguzo za karibu mm 46, na za inchi 12 na kuendelea huwa na mm 60 hadi 70. Uzito nao una maana yake: chuma kingi hunyonya mtetemo. Kama huna tatizo la nafasi, kati ya mashine mbili zenye vipimo sawa chukua iliyo nzito.

Kuhusu taa na leza: taa ni msaada wa kweli. Leza inahitaji kurekebishwa kila mara, na ncha ya keekee iliyoshushwa juu ya alama ni sahihi kuliko mstari mwekundu. Isiwe sababu ya kulipa zaidi.

Ukiniuliza mashine moja kwa karakana ya nyumbani inayotengeneza samani, nitasema inchi 12, mshuko wa mm 80, kasi inayoanzia 500 au chini ya hapo. Nafasi ikibana, inchi 10 yenye kasi ya chini nzuri itakusaidia kuliko inchi 13 inayoanzia 700.

## Hatua ya 8: Ukinunua iliyotumika

Mashine kuukuu yaweza kuwa bora kuliko mpya ndogo, mradi uikague bila haraka. Majaribio ya hatua ya 6 yanabaki yaleyale. Ongeza haya:

Iwashe bila keekee kwa dakika tano. Mvumo uwe wa namna moja. Kukwaruza au kunguruma kwa mawimbi ni dalili ya beringi zilizochoka. Hizo hubadilishwa, lakini ziingize kwenye mapatano ya bei. Gusa mota mwishoni: vuguvugu ni sawa, joto la kuondoa mkono si sawa.

Tafuta nyufa kwa tochi pale meza inapokumbatia nguzo na pale kitako kinapofungwa bolti. Chuma cha kusubu kilichopasuka hapo hakitengenezeki kirahisi. Kutu ya juujuu kwenye nguzo inafutika kwa mafuta na msasa laini. Matundu ya bahati mbaya kwenye meza hayana madhara, kwa sababu utaifunika kwa meza ya mbao. Shusha mpini na uuachie polepole: spring iurudishe juu yenyewe.

## Hatua ya 9: Ifunge na kuinyoosha

Mashine mpya huja imepakwa grisi nzito ya kuzuia kutu. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, mbali na moto, kisha paka nguzo na meza mafuta mepesi.

Chaki. Futa koni ya spindeli na ndani ya chaki kwa spiriti mpaka kitambaa kitoke safi. Grisi ikibaki hapo, chaki itadondoka. Rudisha taya zote ndani, weka chaki, kisha ipige mara moja au mbili kwa nyundo ya mpira. Usipige kwa nyundo ya chuma, na usipige taya zikiwa nje.

Kitako. Kifunge kwa bolti kwenye benchi nzito. Hii si hiari. Uzito wote wa kichwa uko juu na mbele, na meza ikibeba ubao mrefu mashine inaweza kuanguka.

Mkanda. Ukibonyezwa katikati kwa kidole gumba, uingie karibu mm 10. Ukikazwa kupita hapo unachosha beringi, ukilegea unateleza.

Unyofu wa meza. Kunja waya mgumu upate umbo la herufi Z yenye mkono wa mm 80 hadi 100, ufunge kwenye chaki, na ushushe mpaka ncha iguse meza upande wa kushoto. Zungusha kwa mkono hadi kulia. Ncha iguse kwa wepesi uleule pande zote mbili. Kama sivyo, legeza bolti iliyo chini ya meza na uinamishe. Kisha jaribu mbele na nyuma. Mwelekeo huu kwa kawaida hauna marekebisho kwenye mashine. Tofauti ya karatasi moja au mbili utaimaliza kwa kuweka vipande vya karatasi chini ya meza ya mbao. Ikizidi hapo, mashine ina kasoro.

Meza ya mbao. Kata kipande cha plaiwudi au MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa) cha unene wa mm 18, kipana kuliko meza ya chuma, na ukifunge kwa bolti. Katikati acha tundu la mraba la kuweka kipande kidogo kinachobadilishwa. Kipande hicho ndicho kinachozuia nyuma ya mbao kuchanika keekee inapotokeza, kwa hiyo kibadilishe kila kinapochakaa. Ongeza egemeo la mbao iliyonyooka lenye klampu mbili. Halihitaji kuwa sambamba na ukingo wowote wa meza, kwa kuwa keekee ni nukta; kinachohesabika ni umbali kati ya egemeo na ncha. Chonga kijimfereji chini ya egemeo ili maranda yasirundikane na kusukuma mbao mbele.

## Hatua ya 10: Tundu la mtihani

Kabla ya kuwasha: glavu zivuliwe, mikono mirefu ikunjwe, nywele ndefu zifungwe, miwani ivaliwe, na ufunguo wa chaki utoke kwenye chaki. Glavu ikinaswa na keekee huvuta vidole kabla hujafikia swichi.

Mbao ibanwe kwa klampu. Kama ni ndefu, iegemeze upande wa kushoto wa nguzo. Keekee huzunguka kama mshale wa saa ukiitazama kutoka juu, hivyo ikinasa itaisukuma mbao kwenye nguzo na kusimama hapo, badala ya kuizungusha kuelekea tumboni mwako. Vipande vidogo vifungwe kwenye jiliwa, visishikwe kwa mkono kamwe.

Chukua kipande cha mbao ngumu cha mm 40 au 50 ambacho skwea inakubali pande zake. Toboa tundu la mm 10 lipite kabisa, ukiinua keekee kila baada ya sentimita mbili hivi kutoa maranda. Ingiza fimbo ya mm 10 na uisimamishie skwea pande mbili zinazokutana.

Fimbo ikiingia kwa kubanwa kidogo, isicheze, na skwea isionyeshe mwanga, drili yako iko tayari. Kisha weka Forstner ya mm 35, punguza kasi, funga kizuizi cha kina kwenye mm 12 na utoboe matundu matatu. Sakafu za matundu ziwe na kina kimoja na kuta ziwe na rangi ya mbao, bila weusi.

Kama mtihani umeshindikana, fanya uamuzi muda wa kurudisha bidhaa ukiwa haujaisha. Fimbo iliyoinama kushoto au kulia ni meza. Rudi hatua ya 9. Tundu pana kuliko keekee ni kuyumba. Safisha na uifunge chaki upya, kisha pima tena. Kuta nyeusi ni kasi au ukali wa keekee. Lakini spindeli inayoyumba bila chaki, mchezo wa kando spindeli ikiwa chini, ufa wowote kwenye chuma, au meza isiyojibana kwenye nguzo, hayo usiyaguse kwa spana. Piga picha, irudishe mashine kwenye boksi lake na umpelekee aliyekuuzia.